Nilitoa mita tatu ili barabara ipite, leo naambiwa nivunje kidaraja changu

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa bado na hasira, kwa hiyo pale maneno yatakapochoma unisamehe.

Mimi na mume wangu tulinunua kiwanja mwaka 2014 huku kwenye vilima vya Dar es Salaam. Wakati huo hapakuwa na barabara, palikuwa na njia ya mguu tu, na gari la mchanga likija lilikuwa linageuzia kwenye viwanja vya watu. Mwaka 2019 ukaja urasimishaji, yaani kupimwa na kupangwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango. Kamati ya mtaa ikatuita, wapima wakapita, tukakubaliana kila mwenye kiwanja atoe mita tatu upande wa mbele ili ipatikane barabara ya kupita hata gari la zimamoto. Tulitoa bila fidia na bila manung'uniko. Mimi nilikata michungwa yangu miwili iliyokuwa imeanza kuzaa. Bikoni, yaani vigingi vya mpaka, zikapandwa, barabara ikachongwa, na baada ya miaka miwili ukajengwa mtaro wa mawe upande wetu, upana futi mbili na kina futi mbili.

Mwaka juzi tukanunua gari. Kuingia ndani ikawa taabu kwa sababu ya huo mtaro, kila siku kutandika mbao. Fundi akatushauri tujenge kidaraja. Na kwa kuwa mpangaji wetu naye ana bajaji, akasema tusijibane: tufunike mtaro mbele ya kiwanja chote, mita kumi na nne, halafu tumwage pevingi mpaka kwenye barabara tupate pa kuegesha nje ya geti. Chini akalaza bomba la inchi kumi na mbili. Ua wa ndani nao tukaumwagia pevingi wote, maana nilichoka na tope.

Nilimuuliza fundi kuhusu kibali. Akacheka, akasema nenda kwa mwenyekiti. Nikaenda, nikatoa elfu hamsini, nikapewa barua yenye muhuri isemayo serikali ya mtaa haina pingamizi. Ili watu wasituegeshee hovyo nikapanga pale mbele matairi niliyoyajaza zege na kuyapaka nyeupe na nyekundu.

Masika hii maji yameingia mara mbili sebuleni kwa mzee jirani yetu aliye upande wa juu, pale mtaro unapoanzia kufunikwa. Mzee hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja ofisi za barabara. Wakaja na futi zao, wakapima, wakaandika X nyekundu kwenye zege langu na kuacha barua kwamba niondoe ndani ya siku 30, la sivyo wataondoa wao kwa gharama yangu. Nilipowaonyesha barua ya mwenyekiti, mmoja aliisoma akanirudishia bila kusema neno. Mwenyekiti simu hapokei.

Mshauri, ardhi ile niliitoa mimi. Inakuwaje nizuiwe kuitumia? Hiyo X inahusu na ukuta wangu? Nitalipwa fidia? Mtaani kwetu vidaraja viko zaidi ya ishirini, kwa nini mimi? Shemeji yangu aliyeko Reading, Uingereza, anasema hata kule mtu hasakafii mbele ya nyumba yake bila ruhusa, lakini huyo shemeji hupenda kututisha.

Mama Kidaraja, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, Mama Kidaraja.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta sentensi moja ambayo sikuiona, ile ya kusema kwamba maji yalipoingia kwa mzee ulivuka kwenda kumpa pole. Labda ulikwenda ukasahau kuandika. Tutafika huko.

Nianze na mita tatu, maana naona ndiyo inayokuuma, na michungwa ile miwili. Mlichokitoa mwaka 2019 hamkukiazima. Mlikubaliana kwenye kikao, mchoro wa mipangomiji ukachorwa kufuata makubaliano hayo, na bikoni zikapandwa nyuma ya ile mita ya tatu. Chukua ramani yako ya upimaji usome ukubwa wa kiwanja ulioandikwa. Zile mita hazimo. Na kama umeshapata hati, hata kwenye hati hazimo. Hapo nje ya bikoni ni barabara, sawasawa na katikati inapopita gurudumu. Wenye viwanja wengi hudhani barabara ni pale penye kifusi au lami tu na kwamba ukingo ni wa mwenye nyumba. Ukingo, mtaro, mahali pa kupita waenda kwa miguu, mahali pa kupitisha bomba la maji na nguzo ya umeme, vyote hivyo ni hifadhi ya barabara.

Najua utaniambia mlitoa bure. Ni kweli, lakini kiwanja chako cha njia ya mguu na kiwanja chako cha leo havina bei moja, na mzee wa jirani naye alitoa zake tatu. Ungependa afunge upande wake kwa hoja hiyohiyo?

Sasa X. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na huko hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Ndiyo maana kando ya barabara hizo utaona X za rangi mbili. Nyekundu ni kwa aliyeingia ndani ya hifadhi, na huyo hana fidia. Kijani ni kwa aliyekuwa nje ya mpaka wa zamani, mpaka mpya ukamkuta alipo, na huyo anastahili kulipwa. Barabara yako ya mtaa si ya TANROADS. Barabara za aina hiyo zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na upana wa hifadhi yake usiuhesabu kwa zile mita 30 ambazo watu hutishana nazo vijiweni. Hesabu kwa mchoro wenu wa urasimishaji. Kama ukuta wako uko nyuma ya bikoni, X iliyoandikwa kwenye zege la kidaraja inahusu zege la kidaraja. Waombe wakuandikie hivyo, maana maneno ya mdomo hufutika haraka kuliko rangi. Fidia usiisubiri. Kitu kilichojengwa kwenye hifadhi bila ruhusa hakilipwi, hata kingekuwa kizuri namna gani.

Kuhusu barua ya mwenyekiti nitasema kidogo tu. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukutambulisha, kuthibitisha kwamba unaishi pale, kueleza kwamba majirani hawana neno. Hayo ni mambo ya maana, na ofisi nyingine huanza kwa kukudai barua yake. Lakini kibali cha kujenga, pamoja na ukuta na geti, hutolewa na halmashauri, na ruhusa ya kugusa hifadhi ya barabara hutolewa kwa maandishi na mamlaka ya barabara husika. Mwenyekiti alisema serikali ya mtaa haina pingamizi. Hakusema umeruhusiwa, na kama aliyaandika maneno yale kwa makusudi basi anajua kuandika. Elfu hamsini yako sidhani kama utaiona tena. Siku nyingine kipimo ni hiki: malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu, unalipa benki au kwa simu, na stakabadhi inatoka yenyewe. Ukiombwa uweke mkononi, unajua unamlipa nani.

Sasa maji, na hapa nitakaa, kwa sababu nimefanya kazi za mitaro miaka mingi kabla ya kustaafu na nimeona nyumba nyingi zikiingia maji kwa kosa hili moja.

Mtaro wenu ni futi mbili kwa futi mbili, yaani nafasi ya futi nne za mraba za kupitisha maji. Bomba la inchi kumi na mbili, ukipiga hesabu ya duara, halifiki hata futi moja ya mraba. Fundi wako aliyakuta maji yana mlango wenye ukubwa wa nne, akayaachia mlango usiofika moja. Wakati wa kiangazi humwoni kosa lake. Hata vuli ya kawaida unaweza usimwone. Masika ikikaza, maji ya mlima mzima yanafika pale kwenye bomba, yanakosa pa kupita, yanarudi nyuma na kupanda. Na aliye nyuma ni mzee. Hapo sijahesabu mchanga, na vilima vyetu vya Dar vinashusha mchanga kwelikweli, pamoja na mifuko, chupa na tawi moja la mwembe linalokaa mlangoni kama kizibo. Bomba jembamba la mita kumi na nne likishajaa mchanga hulisafishi. Mkono haufiki, koleo halifiki, na kijana unayemlipa atakuchokonolea mdomo wa huku na mdomo wa huko, katikati pabaki palepale. Mzee alikuwa atapata maji hata kama ofisi za barabara zisingekuwepo duniani.

Na pevingi ya ndani imeongeza. Tuseme ua wako una mita za mraba mia moja. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika yetu si ajabu, inamwaga pale lita elfu tano. Zamani udongo wa ua ulikuwa unakunywa sehemu yake. Siku hizi karibu zote zinakwenda getini na kushuka mtaroni kwa mpigo mmoja, sawa na simtanki tano za lita elfu zilizofunguliwa pamoja. Hakuna anayekukataza kukimbia tope. Ila zile tofali za pevingi ukizipanga juu ya mchanga ukaacha nafasi kati yake, badala ya kuzikandika saruji, maji yanapata pa kupenya. Ung'oe mistari miwili mitatu karibu na ukuta, weka kokoto au panda kitu. Kama udongo wako ni wa kichanga, chimba shimo la kunyonya maji kabla hayajafika getini. Kama ni mfinyanzi shimo litajaa na kukucheka, bora ufunge mifereji kwenye bati na kukinga kwenye tangi.

Hapo ndipo ninapomtetea shemeji yako wa Reading. Safari hii hakutishi. England, tangu Oktoba 2008, mtu anayetaka kusakafia zaidi ya mita tano za mraba mbele ya nyumba yake kwa kitu kisichopitisha maji, na maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa barabarani, inabidi aombe kibali cha mipango. Akitumia kitu kinachopitisha maji, au akiyaelekeza kwenye bustani yake mwenyewe, haombi. Walifika huko baada ya mafuriko makubwa ya 2007. Na ukitaka gari lako livuke njia ya waenda kwa miguu kuingia kwako, ukingo wa barabara unashushwa kwa idhini ya mamlaka ya barabara, kwa sheria yao ya 1980, na anayefanya kazi ni yule waliyemkubali wao, si fundi uliyemwokota njia panda. Mwulize shemeji kama na yeye ana sehemu ya kuegesha. Huenda analipa kila mwaka aegeshe barabarani.

Turudi kwako. Siku 30 si nyingi, usizimalizie kwenye kumtafuta mwenyekiti. Nenda ofisi ya TARURA ya wilaya yako ukiwa na ile barua yao, nakala ya ramani yako ya upimaji na picha za mahali penyewe. Usiende kubishana na X. Nenda useme mambo mawili: kwanza, kwamba unakubali kuondoa kilichopo, pili, kwamba unaomba ruhusa ya kujenga njia ya kuingilia getini, maana kiwanja kinahitaji mlango na hilo hakuna anayelipinga. Omba waje kukupa vipimo. Waulize hasa usawa wa barabara itakapowekwa lami, kwa sababu nimeona watu wamejenga vidaraja vizuri, barabara ikaja ikainuliwa, na maji ya mtaa mzima yakageuka kuingia getini kwao. Kama kuna muda unaohitaji zaidi ya siku 30, uombe kwa maandishi kabla hazijaisha, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wataamua wao, lakini ukitaka maoni yangu, hivi ndivyo ningejenga. Kidaraja kiwe na upana wa geti na kidogo zaidi, mita nne zinatosha gari na bajaji kupishana kwa zamu. Zile nyingine kumi zifunuliwe, mtaro uone jua. Hapo kwenye mita nne usilaze bomba. Mtaro uendelee na futi zake mbili kwa mbili bila kupunguzwa hata inchi, na juu yake ziwekwe slabu za zege lenye nondo, vipande vipande, kila kimoja chenye vishikio ambavyo watu wawili au watatu wanaweza kukinyanyua. Mchanga ukijaa, mnafunua, mnazoa, mnarudishia. Unene wa slabu na nondo usimwachie yule fundi aliyecheka. Gari la maji taka litakuja kupita juu yake siku moja, na lile likijaa ni zito kuliko gari la mume wako mara nyingi. Pevingi za nje zing'oe kwa uangalifu tu, ni mali, zitakufaa ndani.

Umeuliza kwa nini wewe na si wale ishirini. Kwa sababu jirani yako alilalamika na wa wale ishirini bado hawajalalamika. Hakuna siri nyingine. Na nikuombe usiende ofisini na orodha ya vidaraja vya wenzako. Utarudi na X ishirini mtaani na kidaraja chako bado kimevunjwa.

Haya, mzee.

Umeandika kwamba hakuja kwako, na nimesikia kuumia kwako. Lakini jaribu kusimama mlangoni kwake. Anaamka usiku, mkeka unaelea, anatoka nje na tochi, anaona mtaro uliokuwa unapita maji miaka yote umefunikwa, na juu yake yamepangwa matairi yenye rangi ya kukataza. Angegonga kwako aseme nini? Labda aliona mwenye uwezo wa kumwaga zege mita kumi na nne hatamsikiliza mtu mwenye mkeka. Labda pia alishakwambia mara moja, kwa ule mdomo wa kizee wa kuzunguka, "mwanangu, mvua za mwaka huu sijui," na wewe ukaitikia "kweli mzee" ukaingia ndani. Mimi sikuwepo.

Kisheria anaweza kwenda mbele zaidi. Mgogoro wa namna hii mara nyingi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Msiposuluhishwa huko ndani ya siku 30, anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ataleta picha za sebule yake na za bomba lako. Nisingependa ufike huko, na si kwa sababu ya gharama peke yake. Mna barabara moja mliyoichangia wote, na wewe utakuwa unapita mbele yake kila asubuhi kwa gari.

Kwa hiyo usitume mtoto wala mpangaji. Nenda na mume wako, jioni, mkae alipokukaribisha hata kama ni kwenye ngazi. Mpe pole ya vitu vilivyoharibika na umwulize ni vipi, kwa majina. Kama ni godoro, ni godoro. Kisha mwambie tarehe mtakayofunua mtaro, na umwombe awepo siku hiyo, kwa sababu yeye anajua maji ya mtaa ule yalikuwa yanapita wapi kabla hamjafika nyote. Wazee wa namna hiyo mimi huwa nawauliza kabla ya kufungua ramani.

Limebaki la kuegesha. Pale mbele, ndani ya hifadhi, si kwako na si kwa anayekuja kuegesha. Mgeni wa jirani akisimama pembeni ya barabara bila kuziba geti lako, hana kosa kwako, umvumilie. Akiziba geti, hiyo ni kero ya kweli, mwite, akikataa mwite mtendaji au trafiki. Gari lenu lilale ndani. Ndiyo maana ya geti, ingawa huku kwetu watu hujenga geti la gari miaka mitano kabla ya gari na wakishalipata wanalilaza nje ili lionekane.

Hayo matairi ya zege yaondoe leo jioni, kabla hujaenda kwa mzee. Hayahitaji kibali cha mtu.